Golda, kutoka kumi hadi moja, tukingoja ndege Luano

Mama alikuwa anarudi kutoka Kinshasa na ndege yake ilikuwa bado. Mimi na mdogo wangu tulikaa nje ya uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, karanga za kukaanga katikati yetu. Mdogo wangu ndiye anayewasemea wanawake wa mtaa wetu kuhusu maji. Ameandika barua, ameitisha mikutano, ameongoza akina mama na ndoo tupu vichwani mpaka kwa wakubwa. Sasa watu wanamwambia agombee uchaguzi. Asubuhi hiyo alikuwa na swali moja lililomkosesha usingizi: "Yaya, mwanamke aliyezoea kupiga kelele barabarani, akiingia siasa anabaki yuleyule?"

Nikamwambia nitamhesabia maisha ya mmoja, kutoka kumi hadi moja, na tukifika moja mama atakuwa ametua. "Golda Meir. Mzayuni, halafu waziri, halafu waziri mkuu wa Israeli."

"Mzayuni? Wa lile kanisa la kanzu nyeupe na fimbo?"

"Hao ni Wazioni, waumini wa upande wa kusini, tuwaache wasali. Hawa ni Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao wenyewe huko Palestina. Theodor Herzl aliita mkutano wao mkuu wa kwanza pale Basel, Uswisi, mwaka 1897. Golda alizaliwa Mei 1898."

"Basi vuguvugu ni yaya, Golda ni mdogo wake. Anza."

10. Mbao za mlangoni

Alizaliwa Kiev, wakati Urusi ilitawaliwa na mfalme aliyeitwa tsari. Baba yake, Moshe Mabovitch, alikuwa seremala. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Golda ni baba akigongelea mbao mlangoni, kwa sababu mtaani ilisemwa kwamba watu wanakuja kuwapiga Wayahudi. Siku ile hawakuja. Mtoto alibaki na sauti ya nyundo moyoni, na hasira ya kuona kwamba kinga yote ya familia ni mbao chache na misumari.

"Seremala anayejifungia ndani kwa mbao zake mwenyewe," mdogo wangu akasema, akaacha kutafuna.

Mwaka 1903 baba alitangulia Marekani. Mwaka huohuo Waingereza waliwapa Wazayuni wazo la kuwapatia ardhi Afrika Mashariki. Watu huuita mpango wa Uganda, ila ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ndani ya Kenya ya leo. Mkutano mkuu wa mwaka 1905 ukakataa.

"Kenya? Wangekuwa majirani wa Kamalondo!"

Kwa msomaji asiyeijua Lubumbashi: sisi tuna Kenya yetu, komini nzima, na muziki wake haulali. Hiyo haikuwamo katika mpango.

9. Likelemba ya vitabu

Familia ilimfuata baba Milwaukee mwaka 1906. Mama yake, Blume, akafungua duka la vyakula, na kila asubuhi alipokwenda sokoni kununua bidhaa, Golda mwenye miaka minane alisimama nyuma ya kaunta, akichelewa shule, machozi yakimtoka. Wewe na mimi tunamjua mtoto huyo. Yuko kwenye kila meza ya makaa na ya nyanya mjini hapa.

Shule ilikuwa bure lakini vitabu vilinunuliwa, na wenzake wengi hawakuwa na hela. Akiwa na miaka kama kumi na mmoja, aliwakusanya wasichana wenzake, wakakodi ukumbi, wakaalika mtaa mzima, na Golda akasimama kuhutubia bila karatasi. Kama likelemba zetu za kuchangiana, fedha ikapatikana, vitabu vikanunuliwa.

"Huyo mtu wangu," mdogo wangu akasema. "Nipe nane."

8. Sinki la Sheyna

Wazazi waliona shule imetosha. Mama alimtafutia mchumba, mwanaume aliyemzidi umri mara mbili. Golda akafunga mzigo na kutorokea Denver kwa dada yake mkubwa, Sheyna, aliyekuwa amekwenda huko kutibiwa kifua kikuu. Nyumba ya Sheyna ilijaa wahamiaji wa Kirusi waliobishana juu ya dunia mpaka usiku wa manane, chai baada ya chai. Golda aliosha vikombe na kusikiliza. Ninasema vyuo vikuu vingi havina somo zuri kama sinki la Sheyna.

Hapo ndipo alipomkuta Morris Meyerson, mchoraji wa mabango, mpole, mpenda mashairi na muziki. Morris alitaka ndoa. Golda alitaka Palestina, na alikuwa tayari amejiunga na Poale Zion, chama cha Wazayuni wafanyakazi, mwaka 1915. Akamwambia wazi: ukinioa mimi, unaoa na safari. Wakaoana Desemba 1917.

"Mahari ya meli!"

7. Gramafoni

Mwaka 1921 wakapanda meli Pocahontas. Walipoomba kuingia kijiji cha ujamaa cha Merhavia, wanakijiji walipiga kura na kuwakataa, wakasema binti wa Kimarekani hataweza kazi ya shamba, na tena wanandoa hawatakiwi. Wakaomba tena, wakakataliwa tena. Mwishowe walikubaliwa, na Golda mwenyewe alisema miaka mingi baadaye kuwa anadhani kilichowapitisha ni gramafoni yao na sahani zake za muziki.

"Yaani wangeweza kuichukua gramafoni na kuwaacha wao getini."

Wangeweza. Lakini binti wa Kimarekani alichuma lozi mpaka mikono ikawa rangi nyingine, akatunza kuku, na zamu ya jikoni ilipofika akafanya jambo ambalo mimi ninalipenda kuliko mikutano yake yote. Wanawake wa kijiji kile waliona jikoni ni aibu. Walitaka kufanya kazi za wanaume, kulima na kulisha ng'ombe, ndiyo waonekane sawa nao. Golda akawauliza kwa nini kumlisha ng'ombe kuwe heshima na kumlisha mwenzako kuwe fedheha. Akaanza kumenya samaki wa chumvi kabla ya kuwapakua, akatandika shuka jeupe mezani Ijumaa jioni, akaweka maua ya porini. Wakamcheka. Baada ya muda vijiji vingine vikaiga.

Siku wewe ukisimama jukwaani, usiliache bukari lako, yaani ugali wako, nyumbani kama kitu cha kufichwa. Nilimwambia hivyo mdogo wangu, na ninamwambia kila msichana anayesoma.

6. Ubao wa kufulia

Morris aliugua malaria na hakuyapenda maisha ya kijiji. Wakahamia Jerusalem. Mtoto wa kwanza, Menachem, alizaliwa 1924, wa pili, Sarah, 1926. Kulikuwa na njaa humo ndani, njaa ya kweli. Ada ya shule ya chekechea ya Menachem Golda aliilipa kwa kufua nguo za shule nzima kwa mkono: maji anachemsha ndoo kwa ndoo, taulo na aproni anasugua kwenye ubao.

Mwaka 1928 wakampa kazi ya ukatibu wa baraza la wanawake wafanyakazi. Alihama na watoto kwenda Tel Aviv, Morris akabaki Jerusalem na kazi yake, akija mwisho wa juma. Ndoa haikuvunjwa rasmi, lakini ilikuwa imekwisha.

"Na watoto?"

Watoto walilala bila mama usiku mwingi. Sarah alikuwa na ugonjwa wa figo, na mwaka 1932 Golda aliomba kutumwa Marekani ili mtoto apate tiba huko. Mtoto akapona. Golda aliandika uzeeni kuwa hatia ya mama anayefanya kazi ya siasa haikumtoka kamwe. Mdogo wangu ana mtoto wa miaka minne. Alinyamaza, akaangalia angani kama ndege inaonekana. Haikuonekana.

5. Kiti cha pembeni

Julai 1938 nchi 32 zilikaa Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Golda alikuwepo kama mtazamaji, amekaa pembeni, hana haki ya kusema, akisikiliza wajumbe wakisimama mmoja baada ya mwingine kueleza jinsi wanavyosikitika na jinsi nchi zao zilivyojaa.

Hapa ninakurudisha nyumbani. Pale mjini Lubumbashi lipo sinagogi, jengo zuri la mwaka 1930 hivi, ambalo watoto wa shule hupita mbele yake bila kuuliza. Walilijenga Wayahudi wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes, waliokuja Katanga kufanya biashara wakati mji ukiitwa Elisabethville. Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937 na akawahudumia zaidi ya miaka hamsini. Mmoja wa watu wa Rhodes waliokuja Katanga ni Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi. Ndiyo, yule wa Mazembe, klabu yetu ya mpira.

Mdogo wangu alisimamisha karanga njiani. "Rais wa Mazembe?"

Huyo. Sasa sikiliza. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi ni wachache sana. Wenye maduka wa Elisabethville walipokea habari hizo hapahapa, kwenye vumbi letu jekundu, za mama na wadogo zao walioachwa kisiwani. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini Golda alishupaa kuhusu nchi ya Wayahudi, huhitaji kwenda mbali kupata jibu, nenda ukasimame mbele ya lile jengo. Na nitakuomba ulikumbuke tukifika namba mbili.

4. Mkoba, saini, na kahawa ya Haifa

Januari 1948 Golda aliruka kwenda Marekani na gauni moja na mkoba wa mkononi, kuchangisha fedha za vita. Wenzake walitumaini dola milioni chache. Alirudi na ahadi za dola milioni 50. Binti wa ukumbi wa Milwaukee, mchango uleule, sifuri zimeongezeka.

Mei 10 alivaa kama mwanamke Mwarabu, akavuka usiku kwenda Amman kumwomba Mfalme Abdullah asiingie vitani. Mfalme alimshauri Wayahudi wasiwe na haraka. Golda akamjibu kuwa wamesubiri miaka elfu mbili, hiyo haiwezi kuitwa haraka.

"Hapo nampigia makofi," mdogo wangu akasema, na kweli akapiga, mlinzi wa getini akageuka.

Mei 14 alitia saini tangazo la kuundwa kwa Israeli. Waliosaini walikuwa 37, wanawake wawili: yeye na Rachel Cohen-Kagan. Alilia akisaini.

Lakini siku chache kabla ya hapo alikuwa ametembelea Haifa, mji ambao Waarabu wengi walikuwa wameukimbia. Aliwaeleza viongozi wenzake alichokiona: nyumba zimeachwa wazi, kahawa na mkate mezani, na jinsi alivyoshindwa kuacha kuwaza kuwa hivi ndivyo ilivyokuwa miji mingi ya Wayahudi kule Ulaya. Aliona. Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao katika vita vile, na Golda alisimama mbele ya meza ya mmoja wao, kahawa ikiwa imepoa.

3. Jina jipya

Alikuwa balozi wa kwanza wa Israeli huko Moscow kwa muda mfupi, kisha bungeni 1949, kisha waziri wa kazi miaka saba: nyumba za wahamiaji waliolala kwenye mahema, barabara, bima ya taifa. Aliita miaka hiyo myema kuliko yote, na ninamwamini, maana ni kazi ya ndoo na maji. Mwaka 1956 akawa waziri wa mambo ya nje, na waziri mkuu David Ben-Gurion akamtaka achukue jina la Kiebrania. Meyerson likawa Meir.

Mwaka 1958 akaja Afrika kwa mara ya kwanza, akapita Liberia na Ghana, na hakuishia ikulu. Alitaka kuona wakulima na wauguzi. Mwaka 1961 kikafunguliwa pale Haifa kituo cha mlima Karmeli cha kuwafunza wanawake kutoka nchi zinazopata uhuru, na leo kina jina lake. Kenya, ile nyingine, ilipata shule ya kazi za ustawi wa jamii Machakos kwa ushirikiano na Israeli, na Desemba 1963 Golda alikuwa Nairobi bendera ya uhuru ikipanda. Mwaka huohuo askari wa miavuli wa Kongo walikuwa wakifundishwa Israeli, na miongoni mwao jemadari mmoja kijana aitwaye Mobutu.

"Kwa hiyo wanawake walifunzwa kulea na kupika vizuri, wanaume wakafunzwa kuruka kutoka angani."

Umelisema vizuri kuliko mwalimu wangu wa historia. Israeli ilihitaji marafiki na kura Umoja wa Mataifa, hilo lilikuwamo, Golda hakulificha. Lakini alisema pia kuwa watu waliowahi kunyanyaswa kwa asili yao wana deni kwa wenzao, na kazi aliyoifanya inaonyesha alilibeba deni hilo kwa moyo.

2. Jiko la waziri mkuu

Machi 17, 1969, akiwa na miaka 70 na saratani ya limfu aliyoificha, akawa waziri mkuu. Duniani alikuwa mwanamke wa tatu tu katika cheo hicho, baada ya Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka na Indira Gandhi wa India. Mawaziri aliowaamini aliwaita nyumbani kwake usiku, akawakorogea kahawa na kuwakatia keki, na mambo ya vita yakaamuliwa hapo. Waisraeli wakauita mkutano huo jiko la Golda.

"Shuka jeupe la Merhavia," akasema mdogo wangu, akitabasamu.

Nami nikamwambia asitabasamu bado. Mwaka huohuo wa 1969 Golda aliliambia gazeti la Uingereza kwamba hapakuwahi kuwa na watu waitwao Wapalestina. Yeye aliyeiona kahawa ya Haifa. Yeye aliyekaa Évian akisikiliza wakubwa wakizungumza juu ya watu kana kwamba hawapo. Nimelizungusha neno hilo miaka mingi na sijaweza kulipatia udhuru. Kosa la mtu asiyejua ningelisamehe haraka. Huyu alijua jinsi mbao zinavyogongelewa mlangoni, akasema nyumba ya jirani haikuwa na mtu.

Mdogo wangu hakuwa na utani wowote kwa hilo.

Yaliyofuata yalikuja kwa haraka. Julai 1971 Idi Amin alikwenda Israeli kuomba ndege za kivita, akanyimwa, na Machi 1972 akawafukuza Waisraeli Uganda. Septemba 1972 wanamichezo 11 wa Israeli waliuawa Munich. Oktoba 4, 1973, Mobutu, yuleyule wa miavuli, sasa rais wa Kongo iliyoitwa Zaire, alisimama Umoja wa Mataifa na kutangaza kuwa Zaire inavunja uhusiano na Israeli, kwamba kati ya rafiki na ndugu anamchagua ndugu. Siku mbili baadaye, Oktoba 6, Misri na Syria zikashambulia. Golda alikuwa na wasiwasi kwa siku kadhaa, lakini majenerali walimwambia vita havitatokea, na yeye akawasikiliza. Waisraeli zaidi ya 2,500 walikufa, na Waarabu wengi kuwazidi. Tume ya uchunguzi haikumtia hatiani. Alijitia mwenyewe, na Aprili 1974 akajiuzulu. Aliandika kuwa ataishi na kosa hilo mpaka mwisho. Alikufa Jerusalem Desemba 8, 1978, miaka minne kabla Mobutu hajaurudisha uhusiano ule.

Kipaza sauti kikalia ndani ya uwanja. Ndege ya Kinshasa inatua. "Haraka, yaya," akasema. "Moja."

1. Basi la mpakani

Oktoba 24, 1964, jirani yetu wa kusini alipata uhuru na jina, Zambia. Kutoka hapa Luano mpaka mpaka wa Kasumbalesa si hata kilomita mia moja. Golda alialikwa Lusaka kwa sherehe, na wageni wakapelekwa kwa mabasi kutazama maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Sehemu ya maporomoko iko ng'ambo, katika ile iliyoitwa Rhodesia ya Kusini, chini ya serikali ya wazungu wachache. Mabasi yalipofika mpakani, polisi wa Rhodesia wakasema Waafrika wasishuke. Hao Waafrika walikuwa mawaziri na viongozi, wageni rasmi wa nchi nzima. Wazungu tu ndio wangevuka.

Golda akasema kama ni hivyo, yeye pia haingii Rhodesia. Akabaki ndani ya basi. Maofisa wakahangaika kumbembeleza, wakaona aibu inakua mbele ya dunia. Hakushuka. Basi likageuzwa na watu wake wote, likarudi walikotoka, na huko Lusaka Kenneth Kaunda akampokea kama shujaa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama tayari, anapangusa maganda ya karanga kwenye kitenge. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Na hakushuka."

"Hakushuka."

Akakaa tena, mlango wa wasafiri ukianza kufunguka nyuma yetu. "Miaka mitano kabla ya kuwasema Wapalestina hawapo," akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo lile basi, yaya, alilikumbuka au alilisahau?"

Nilikuwa natafuta jibu wakati sauti ya mama ilipotoka katikati ya watu, ikituita kwa majina yetu yote mawili na kuuliza ni nani anayekuja kubeba mzigo huu wa samaki.